Santuri Nne za Bwana Kishindo

Mbale,
Jumapili, baada ya alasiri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Shikamoo Baba, najua umeketi hapo hapo ukijifanya husikilizi. Na wewe kaka Kassim unayesoma, salamu zako ziko chini, usizitafute sasa. Soma taratibu na usiruke, maana majibu ya barua iliyopita yalionyesha wazi kwamba uliruka ukurasa mzima.

Mama, goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa yule abiria wa Tanga ilifika, au aliitumia mwenyewe njiani? Na paa la upande wa jikoni, Baba ameshaliezeka au bado anatafuta makuti mazuri? Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Mkweo Juma hajambo, cherehani yake haipumziki. Mjukuu wako Mwanaidi anakimbia sasa, na kila anayepita mlangoni humwambia "mulembe", kama watoto wa Kigisu wanavyosalimu. Mvua zimekuwa nyingi, mlima umejifunika mawingu wiki nzima, na ndizi za kupika zimejaa sokoni mpaka zinauzwa kwa bei ya bure.

Sasa nitoe la moyoni, maana nina hamu ya kulifikia tangu mstari wa kwanza. Mama, mwanao yumo ndani ya santuri. Kassim, rudia mstari huo, Mama hataamini mara ya kwanza. Sauti yangu imenaswa, ikapelekwa Ulaya, ikarudi kwenye sahani nyeusi yenye tundu katikati, na watu wa Mbale na Jinja wanaizungusha kwenye gramafoni zao na kucheka. Sikukuandikia kabla kwa kuwa sikujua kama itatoka au itaharibika. Imetoka. Basi sasa nikuhadithie tangu mwanzo.

Unakumbuka nilivyokuandikia tulipohamia Jinja, barua fupi fupi, kila mara nikisema hatujambo. Hatukuwa wagonjwa, lakini mimi nilikuwa nimekauka. Juma alikuwa akishona barazani kwa Mhindi mwenye duka la nguo kuanzia asubuhi, nami nilibaki chumbani na mtoto mchanga. Majirani zetu walisema Kisoga. Kiswahili kwao ni lugha ya askari na ya kambini, hivyo nikimwambia mtu kwa adabu zote za kwetu, "Tafadhali nipishe," alishtuka na kunipisha kama niliyempigia kelele. Nilianza kuogopa kusema. Mama, wewe unanijua nilivyo, mtu wa kuongea mpaka chai inapoa. Nilikaa miezi sijacheka kicheko cha kweli.

Aliyenitoa humo ni Bi Zaituni. Yeye ni Mnubi, babu zake ni wale askari waliotoka Sudani zamani, na mumewe ni afande mstaafu. Alikuwa akisuka kawa za kufunikia chakula, nyekundu na njano, nzuri sana, na alikuwa na gramafoni. Siku moja alinikuta kisimani nimekunja uso, akaniambia kwa Kiswahili chao, "Wewe mama ya Tanga, kuja kwangu. Kuja sikia mutu moja."

Nilidhani ni mwimbaji. Kumbe mtu yule haimbi, anasema tu. Anaitwa Bwana Kishindo. Amezaliwa hapo hapo Jinja, alikuwa utingo wa malori, na kazi yake sasa ni kuchekesha watu kwa mdomo mtupu. Katika ile santuri ya kwanza yeye peke yake ni dereva, ni polisi, na ni abiria waliojazana nyuma. Polisi anamsimamisha dereva, anamuuliza amebeba watu wangapi. Dereva anasema hajabeba mtu, amebeba mahindi. Polisi hajibu kitu. Hapo, Mama, panakuwa kimya. Unasikia sindano ikikwaruza tu, unaanza kufikiri gramafoni imekufa. Kisha kwa sauti ndogo sana kutoka nyuma ya lori, gunia moja la mahindi linapiga chafya.

Nilicheka mpaka nikamkabidhi Bi Zaituni mtoto ili nisimwangushe. Nilicheka kwa Kiswahili. Sijui nielezeje zaidi ya hapo. Tangu siku ile nilikwenda kwa Bi Zaituni kila alasiri, na wanawake wengine wakaja, hata wale waliokuwa wakiniogopa. Wale wasiojua lugha vizuri walinivuta nguo niwafafanulie, na mimi nikawafafanulia, na mdomo wangu ukarudi.

Baadaye ikatoka santuri ya pili. Bi Zaituni aliipenda kuliko zote, mimi sikuipenda hata kidogo. Safari hii walimweka Kishindo kwenye ukumbi na watu wa kucheka. Wanacheka anapokohoa, wanacheka anaposema habari za asubuhi. Akifika mahali pa kunyamaza, pale ambapo moyo wako unataka kungoja, wao wameshapajaza. Ni kama kualikwa karamu, ukifika unakuta wenzako wamekutafunia chakula. Bi Zaituni alisema mimi sipendi watu. Nikamwambia nawapenda, ila kila mmoja acheke kwa wakati wake.

Ya tatu ikaja na kinanda na gitaa, na hiyo ndiyo iliyotugawa mimi na mkweo. Humo Kishindo ni mume anayerudi nyumbani amechelewa, na mke wake anamsuta. Sauti ya mke imefanywa na mwanamume mwingine aliyebana pua. Juma aliipenda vibaya mno. Alikuwa anaijua yote kwa moyo, akishona anaisema, akinywa uji anaisema. Mimi nilimwambia hadithi ni nzuri, Kishindo mwenyewe ni yule yule, lakini yule mke simjui. Anapiga makelele tangu mlangoni, anavunja sahani, anataja ukoo mzima. Juma akasema, "Wewe unataka kichekesho kiwe darasa." Tukaachana hapo, kila mtu na santuri yake.

Kisha tajiri wa Juma akafungua duka jingine hapa Mbale, tukahama. Hapa kinyozi wa jirani na duka ana gramafoni, na kuanzia asubuhi mpaka magharibi huipiga ile ya tatu, kwa hiyo Juma alijiona amefika peponi.

Sasa sikia siku yenyewe. Nilimpelekea Juma chakula cha mchana barazani. Nikamkuta mtu mfupi, mnene, ameketi kwenye benchi amejifunga shuka kiunoni, kwa sababu suruali yake ilikuwa chini ya sindano ya mkweo. Ilikuwa imechanika kwenye basi, na jioni alikuwa na onyesho mjini. Alipofungua mdomo kuniitikia salamu nikajua ni nani. Ile sauti niliijua kama ninavyoijua sauti ya Kassim.

Watu walishaanza kukusanyika. Kinyozi alikuja na wembe mkononi, mteja wake nyuma yake amenyolewa nusu. Kishindo aliwauliza, kwa kupitisha muda tu, ni santuri ipi waliyoipenda. Wote wakasema ya tatu. Juma alisema ya tatu mara mbili. Kishindo akaniangalia mimi pale nilipokuwa naandaa sahani, akaniuliza na mama je. Nilitaka kusema ya tatu ili yaishe. Lakini mdomo huu uliuzaa wewe. Nikamwambia ya kwanza, kwa sababu katika ya kwanza anathubutu kunyamaza.

Akauliza ya tatu ina nini. Nikamwambia, "Mke wako anapiga kelele mno. Mwanamke aliyekasirika kweli hafanyi vile."

"Anafanya namna gani?" akauliza.

Juma aliacha kukanyaga cherehani. Nikaona amenitazama, lakini sikuweza kurudi nyuma. Nikamwambia Kishindo aingie kama mume aliyechelewa, basi nitamwonyesha. Akasimama na shuka yake, akapiga hatua mbili barazani, akasema kwa sauti ya uchovu, "Mke wangu, usinione nimechelewa. Nilikuwa mazikoni."

Mama, hapo ndipo ulipoingia wewe. Unakumbuka ile siku Baba alipotoka kwenye ngoma ya harusi kule Ngamiani, kanzu yake inanukia udi na marashi mpaka uani, akasema alikuwa msibani? Mimi nilikuwa nimejilaza nyuma ya pazia, mlidhani nimelala. Uliipokea kanzu yake, ukaitundika. Ukampa maji ya kunawa. Ukampakulia. Hukusema kitu. Basi na mimi nikafanya vile vile. Nikachukua sahani, nikaifuta, nikapakua wali, nikaweka mchuzi, nikamsogezea. Watu wote pale barazani wakasogea karibu. Halafu nikasema kama ulivyosema wewe, polepole, bila kumtazama:

"Pole kwa msiba. Na marehemu, hajambo?"

Na Kishindo, bila kufikiri, akajibu, "Hajambo, anakusalimu."

Mama, naapa sikumwambia. Ni yale yale maneno ya Baba, neno kwa neno. Mtu wa Jinja ambaye hajawahi kuiona Tanga. Baba, nisamehe, lakini ilibidi niliseme hilo ili muelewe nilivyoshangaa. Baraza lote lilianguka kwa kicheko. Kinyozi aliuweka wembe chini kwa usalama wa watu. Kishindo peke yake hakucheka. Alikaa benchini akaniambia kwa upole, "Mama, hiyo maneno ni ya nani?" Nikamwambia ni ya mama yangu. Akatikisa kichwa, akamgeukia Juma. Akamweleza kwamba watu wa Nairobi wanakuja Jinja na mashine ya kunasa sauti, na anataka kutoa santuri ya nne, na mke wa kwenye santuri hiyo awe mimi.

Mkweo hakucheka wala hakununa. Alimalizia kushona, akamrudishia suruali yake, akasema, "Bwana, mimi ni fundi nguo. Sauti ya mke wangu haitauzwa dukani." Kishindo akashukuru kwa suruali, akaenda zake.

Sikubishana, Mama. Nilimwelewa. Sisi hapa ni wageni, na mgeni analindwa na jina lake tu. Watu wakianza kusema mke wa fundi anajianika, hakuna shangazi wala mjomba hapa wa kusimama kututetea. Niliosha vyombo, nikajiambia nimeshachekesha baraza moja, inatosha. Lakini sitakudanganya, nililia kidogo nikichambua mchele, na nilipoona Mwanaidi ananitazama nikasema ni moshi.

Siku zikapita. Kinyozi akawa anaendelea kuipiga ile santuri ya tatu, na mimi nikaanza kuona jambo. Juma haisemi tena. Ikifika pale mke anapoanza kelele zake, anainamia kitambaa. Siku moja alirudi kabla ya magharibi, akaketi kwenye mkeka, hakuvua hata kofia.

Akasema, "Leo nimeisikiliza tangu mwanzo mpaka mwisho, nikimtafuta yule mke. Hayumo. Ni mwanamume aliyebana pua. Umeniharibia santuri yangu."

Nikamwambia samahani.

"Basi nenda ukanitengenezee nyingine," akasema.

Alitoa masharti yake. Jina langu lisiandikwe popote, na yeye awepo chumbani wakati wa kunasa. Nilikubali yote kabla hajamaliza kuyasema. Akatuma habari Jinja kwa dereva wa basi anayemfahamu, na Kishindo akajibu tuje upesi kabla mashine haijarudi Nairobi.

Tulipanda basi asubuhi, tukapita Busiu na Tororo, vumbi limetujaa mpaka kope. Nilikuwa nimevaa ile kanga uliyonipa siku ya kuondoka. Tulifikia kwa Bi Zaituni, akamchukua Mwanaidi, akanifukiza udi kama bibi harusi, akaniambia niseme kwa nguvu, Wazungu wa Ulaya wasikie. Yeye hata leo anaamini kucheka ni kazi ya kundi.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya duka la baiskeli na redio. Wametundika mablanketi ukutani na dirishani, joto kama ndani ya tanuri. Fundi wa Nairobi, kijana mkali mkali mwenye miwani, alituonyesha kidude cha kusemea na taa ndogo nyekundu. Alisema taa ikiwaka hakuna kukohoa wala kuburuta kiti, na muda ni mfupi kwa sababu santuri haichukui maneno mengi. Juma akapewa kiti kwenye kona. Aliketi wima, mikono juu ya magoti, kama mtu anayepigwa picha.

Taa ikawaka. Kishindo akaingia kwa miguu yake mwenyewe kutoka mlangoni, akasema alikuwa mazikoni na kadhalika. Nikapokea kanzu. Nilikuwa na sahani ya kweli na kijiko cha kweli, nikapakua. Nikanyamaza. Yule fundi akanitazama, akafikiri nimesahau. Akanipungia mkono niseme. Nikaendelea kufuta sahani. Akapunga tena, jasho linamtoka, kwake ule ukimya ni santuri inayopotea bure. Moyo ulikuwa unanipiga mpaka nikaogopa mashine itaunasa. Lakini nilikuwa nimekuona wewe, Mama, ukitundika ile kanzu, na wewe hukuharakishwa na mtu.

Nilipokuwa tayari nikamuuliza kama marehemu hajambo. Kishindo akajibu anakusalimu. Na kwenye kona, mume wangu akacheka.

Sijui kama umewahi kumsikia Juma akicheka. Mimi nilikuwa nimemsikia akitabasamu, kama hilo linawezekana. Hiki kilikuwa kicheko kilichomtoka kama chafya, kikamrusha kwenye kiti, akajaribu kukizuia kwa kofia yake na kikapita kwenye kofia. Fundi akazima taa, akafoka kwamba kazi imeharibika. Juma aliomba radhi kwa kila mtu mle ndani, hata kwa mashine. Tukarudia. Safari hii aling'ata kofia, na mambo yakaenda safi bila dosari.

Fundi akatusikilizisha zote mbili. Ya pili ilikuwa nadhifu, lakini ilikuwa kama chumba kisichokaliwa na mtu. Kishindo aliketi sakafuni amefumba macho. Kisha akasema itoke ya kwanza. Fundi akasema haiwezekani, kuna mtu anacheka. Kishindo akamwambia, "Ndiyo. Moja tu. Na hakuna mutu amemwita." Wakabishana sana, na Kishindo akashinda. Kwa hiyo Mama, ukiisikia santuri hii, yule mwanamume mmoja anayecheka mwishoni ni mkweo.

Sasa niseme ukweli, maana mimi ndiye niliyekosoa za wenzangu. Santuri hii ya nne si kamili. Mwanzo wake unakwenda polepole, na upande wa pili, ambao simo, una mpishi na tajiri wake, bibi wa Kizungu, na nadhani Kishindo aliufanya akiwa amechoka. Ya kwanza bado naiona juu kwa ule mzaha wa mahindi. Lakini upande wetu nauweka sawa nayo, na Juma anauweka juu ya zote, ingawa yeye hawezi kuwa hakimu.

Mambo yaliyofuata wewe usingeyatarajia, wala mimi sikuyatarajia. Jina langu halikuandikwa, na siku mbili hazikupita mtaa mzima ukajua. Niliogopa kwenda kisimani. Nilipokwenda, mwanamke mmoja wa Kigisu ambaye hakuwahi kunisemesha aliweka mtungi wake chini, akaniuliza kwa Kiswahili cha kuokoteza kama marehemu hajambo. Nikamwambia anakusalimu. Sasa ndiyo salamu ya hapa. Juma akichelewa dukani, tajiri wake yule Mhindi, mtu ambaye hana mzaha hata siku ya sikukuu, humtazama juu ya miwani na kusema, "Fundi, marehemu hajambo?" Hata msikitini wamemuuliza, lakini nje, baada ya sala, kwa heshima. Hakuna aliyesema nimejianika. Mmoja alisema kwamba sasa mkewe nyumbani anamnyamazia, na hajui afanye nini.

Santuri moja nimemkabidhi Bwana Saidi, dereva anayekuja huko Tanga, ameifunga ndani ya blanketi. Mkaisikilize kwa mjomba Athumani mwenye gramafoni. Kama Baba ataona aibu, mwambieni hakutajwa jina, na hapa Mbale wanamwona mtu wa akili kwa kupata jibu la haraka namna ile.

Na jambo la mwisho, Mama. Siku santuri ilipofika, kinyozi aliipiga mara ya kwanza barazani, na mimi nilisimama nyuma ya nguzo nimejifunika. Nilingoja kuisikia sauti yangu. Ukapita ule ukimya, sindano ikakwaruza, kisha mwanamke akasema pole kwa msiba. Nilishtuka nikageuka kutazama barabarani, kwa sababu haikuwa sauti yangu hata kidogo. Ilikuwa yako. Yako kabisa, pamoja na ile pumzi ndogo unayoivuta kabla ya kusema. Watu wote walikuwa wanacheka, na mimi nimesimama pale Mbale, miaka mitatu tangu nikuage, nimekusikia.

Nisalimie Baba, na uniombee radhi kwake. Nisalimie shangazi Rukia aliyenilea nilipokuwa mgonjwa, mjomba Athumani na gramafoni yake, wifi yangu Asha mke wa Kassim, na jirani yetu Bi Mwanahamisi muuza vitumbua, mwambie hapa hawajui kuvipika. Kassim, wewe nakusalimia kwa moyo mweupe, na nikijua umeruka popote nitamwambia Kishindo akutie kwenye santuri ya tano.

Juma anakusalimu. Mwanaidi anasema mulembe.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Zuhura